Tutaanza ku Mwezi

Ajenda ile bado ninayo. Jalada lake ni la buluu, pembe moja imekunjika, na kwenye ukurasa wa kwanza kuna mistari mitatu niliyoiandika kwa kalamu nyekundu siku niliyoipewa: kumaliza lisansi ya chuo kikuu, kupata kazi Bukavu, kununua kompyuta yangu mwenyewe. Chini ya mistari hiyo imebaki nafasi tupu ya upana wa vidole vinne. Siku ile sikuiona kama nafasi. Niliona ukurasa umejaa.

Tulipewa ajenda hizo kwenye mafunzo ya siku mbili juu ya matumizi mazuri ya wakati. Mimi nilikuwa mtangazaji wa asubuhi katika redio ndogo ya hapa Uvira, na alasiri nilikuwa mwanafunzi. Mkufunzi, bwana mmoja mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama, alitutaka tuandike kila tulichokuwa tukifanya kutwa nzima, nusu saa kwa nusu saa, kisha tupige msitari juu ya kile kisichotusogeza kwenye malengo yetu. Nilifanya kazi hiyo kwa furaha. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kupanga: madaftari yangu yalikaa kwa ukubwa, viatu kwa rangi. Na kazini, kila asubuhi, niliwatajia wasikilizaji saa zetu na saa za Kinshasa, maana sisi wa mashariki tumewatangulia kwa saa moja nzima. Nilijiona mlinzi wa wakati wa mji.

Kati ya vitu nilivyopigia msitari, cha nne kilikuwa hiki: kukaa ufukoni na mama.

Mama yangu alikuwa mwanikaji wa ndagala, samaki wale wadogo wa ziwa wanaoshikwa usiku kwa taa. Mitumbwi ilipotia nanga alfajiri upande wa Kalundu, alinunua mabeseni yake, akayamwaga juu ya vichanja vya waya, na kazi ikaanza: kutandaza, kugeuza, kufukuza kunguru, kutoa mchanga, kukusanya haraka wingu likitokea juu ya milima. Hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa juu, pande za Lemera, ambako watu huenda shambani kwa vijia vya miguu, na kwa kuwa alikuwa binti wa kwanza, mgongo wake ulibeba wadogo zake mmoja baada ya mwingine, nao wote wakaenda shule. Yeye alishuka bondeni alipoolewa. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mimi ndiye mtoto pekee waliyejaliwa. Tuliishi wawili, na tuliitana jina moja: mimi nilimwita mama, naye aliniita mama, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Jioni ya siku ya pili ya mafunzo aliikuta ajenda mezani. Aliifungua, akapitisha kiganja juu ya kurasa zenye vijisanduku.

"Hii iko nini, mama?"

"Ni wakati wangu," nikamwambia.

Akaipima uzito kwa mkono mmoja, kama anavyopima beseni. "Wakati yako yote inaingia humu? Na minye niko ku ukurasa gani?"

"Weye hauna ukurasa, mama. Weye uko hapa nyumbani."

Nilisema kwa upendo. Nilimaanisha kwamba yeye hahitaji kuandikwa, kwamba yupo kama ukuta ulivyopo. Akacheka, akairudisha ajenda mahali pake, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza, kwa sababu alijua ninavyopenda.

Siku chache baadaye, ilikuwa tarehe sita, nilimpelekea chakula vichanjani. Alikuwa akigeuza ndagala, na bila kuinua kichwa aliniomba nimfundishe kusoma.

Nilijua kuwa hajui. Ni jambo tulilokuwa nalo nyumbani kama watu wanavyokuwa na mlango mbovu: unaukwepa tu. Sikujua kuwa linamuuma. Aliniambia polepole, huku mikono ikiendelea na kazi. Kanisani kwao kina mama husoma Maandiko kwa zamu mara moja kwa mwezi, mbele ya watu wote, na orodha ya majina hubandikwa mlangoni. Miaka yote hiyo, jina lake lilipofika, alisimama, akapapasa mkoba, akasema miwani ameisahau nyumbani, akampa kitabu aliye jirani yake. Hakuwa na miwani. Hakuwahi kuwa nayo. Orodha ilikuwa ndefu, na zamu yake ingerudi baada ya mvua za mwaka uliofuata. Safari hii alitaka isimkute na uongo ule ule.

"Si kusoma kitabu yote," akasema. "Mistari tu. Nisimame, nisome, nikae."

Nilifurahi kweli. Nilitoa ajenda kwenye mkoba palepale na kumwuliza tuanze lini.

"Tutaanza ku mwezi," akasema.

Nikafungua ukurasa wa tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Nikaandika: Mama, kusoma, saa kumi. Nikaizungushia duara.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu wa ufukoni analijua, na ambalo mimi, niliyekulia juu ya mchanga huo, nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya kuishi ndani ya kalenda. Ndagala hufuata taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote ni taa, na samaki hawana sababu ya kuja kwenye taa ya mvuvi. Kwa hiyo kila mwezi unapokaribia kujaa, wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, huanika nyavu, hushona palipochanika. Na kina mama wa vichanja, ambao siku nyingine zote hawana hata nafasi ya kusuka nywele, hupumzika kwa juma moja na zaidi kidogo. Siku hizo huitwa mwezi. Ni ku mwezi watu wanapoposa, wanapokwenda kuwaona wagonjwa, wanapofua mablanketi. Mama hakuwa na wakati mwingine wowote wa kwake duniani.

Mwezi ulijaa tarehe kumi na saba. Mitumbwi ilikuwa imeshavutwa. Niliporudi kutoka masomoni nilimkuta mama amekaa mlangoni, upande unaotazama ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuona vitu, na niliona. Alikuwa amenawa mikono kwa ndimu, maana harufu ya samaki haikuwepo. Kalamu mpya ya risasi ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba chake. Kando ya kiti chake kulikuwa na kiti cha pili.

Niliona vyote vitatu, sikuuliza hata kimoja. Kijisanduku changu cha saa hiyo kilisema takwimu.

"Umerudi, mama?"

"Nimerudi."

Ilikuwa hivyo siku tatu. Siku ya nne kiti cha pili hakikuwepo.

Tarehe mosi, saa kumi kamili, nilifika vichanjani na ubao mdogo, chaki mbili na kitambaa cha kufutia. Mitumbwi ilikuwa imeleta ndagala kwa wingi, maana lilikuwa giza la mwezi mwandamo. Mama alikuwa amejaa magamba hadi viwikoni. Akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Mwezi imeisha, mama," akasema.

"Mwezi imeanza leo," nikasema, na nikamwonyesha duara kwenye ajenda.

Aliliinamia duara, kisha akaelewa, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya beseni lililofunikwa. Alimwita jirani yetu, mama mmoja mwenye kichanja kando ya chake, aliyekuwa pia kiongozi wa kina mama kanisani na mtunza ile orodha, lakini hakumweleza kisa chenyewe. Alisema tu kwamba tumepishana siku. Jirani hakuhitaji zaidi. Ulimi wake ulijulikana ufuko mzima.

"Mutoto wako iko na saa ku mukono," akamwambia mama, "iko na saa mu telefone, iko na saa mu kitabu. Ni saa ya kukaa na weye tu ndiyo haina."

Nami nilicheka. Kati ya mambo yote ya mwaka ule, ninachokikumbuka kwa uchungu zaidi ni kicheko hicho, kwa sababu sote watatu tulidhani kilichotokea ni kichekesho.

Kosa la neno lingesameheka. Tulilirekebisha siku ile ile: mwezi ni ule wa juu. Lakini mwezi wa pili ulinikuta na mitihani. Wa tatu nilitumwa Kamanyola kutayarisha kipindi juu ya wanawake wanaovuka mpaka na bidhaa kichwani. Nilikaa huko siku sita, nikawauliza wanawake wa watu maswali mazuri juu ya ndoto zao. Wa nne nilikuwa nikirekebisha kazi ya kuhitimu, ukurasa kwa ukurasa. Kila mara nilimwambia, mwezi ujao. Naye kila mara aliitikia, haina neno, mama, mwezi haiishi mbinguni. Sasa tulielewana vizuri juu ya maana ya neno. Aliyekosekana nilikuwa mimi.

Nilifaulu. Nilipiga msitari juu ya lengo la kwanza kwa kalamu ile ile nyekundu, na mama alipika mukeke mkubwa, samaki wa sherehe, akanikatia kipande cha katikati. Ndipo nilipopata nafasi. Mwezi uliofuata nilikuwa nyumbani alasiri zote, na tuliweka viti viwili mlangoni.

Nilianza na a. Akanizuia kwa mkono.

"Hiyo najua."

Nikaandika nyingine. Aliijua. Nikaandika m, nikaandika k, nikaandika s, alizijua. Kumbe katika miezi ile minne hakuwa amekaa. Mitumbwi ya kwetu huandikwa majina ubavuni kwa rangi, na inapovutwa nchi kavu majina hayo hukaa kwenye usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa. Mama alikuwa amezunguka mtumbwi hadi mtumbwi, akiwauliza washona nyavu: hii inaitwa nani? Hii je? Walimtania, wakamwita mwanafunzi, lakini walimjibu. Nyingine alizipata kwenye gunia la chumvi. Alikuwa amekusanya herufi kama anavyokusanya samaki waliodondoka chini ya kichanja, moja moja, na alikuwa nazo karibu zote.

Kilichomshinda ni kuziunganisha.

Nilimwandikia neno maji. Alisoma m. Akasoma a. Akasoma j. Akasimama.

"Unganisha, mama."

"Naunganisha na nini? Ile ingine inaenda."

Nilidhani anatania. Nikamwandikia neno fupi zaidi, nikaandika kubwa zaidi, na kwa kuandika kubwa nikawa nazidisha ubaya bila kujua. Akawa anapeleka uso mbele na nyuma juu ya ubao, kama mtu anayetafuta sindano. Alasiri zilikuwa fupi. Kwetu jua halisubiri magharibi. Hujificha nyuma ya milima mapema, kivuli kinashuka juu ya mabati hadi majini, huku milima ya Burundi ng'ambo ikibaki na mwanga wake kwa muda mrefu, kana kwamba wale ndio waliopewa siku nzima. Mwanga ulipopungua, naye alipunguza kasi, na mimi nilipunguza subira. Siku ya tano nilimwambia neno ambalo ningetoa vingi kulirudisha.

"Batoto ya miaka sita banaweza, mama."

Alifuta ubao kwa kitambaa, taratibu, pembe zote nne, akanirudishia. Kesho yake alikuwa tayari kwenye kiti kabla yangu.

Mwandishi wa habari hufundishwa kwamba ukweli hauji mara moja. Huja vipande vipande, na kazi ni kuvipanga. Vipande nilikuwa navyo. Mama alianza kujikwaa kwenye mabeseni aliyoyaweka mwenyewe. Wateja walimlalamikia kwamba ndagala zake, zilizosifika kwa usafi, zina mchanga. Jirani yetu alimpita asubuhi mbili akimsalimu kutoka upande, asiitikiwe, na akatangaza ufukoni kwamba mama fulani ameingia shule na sasa hasalimii wajinga. Mama alicheka nao. Mimi niliviona vyote na kuviweka kwenye faili moja: uchovu. Niliandika hata kwenye ajenda kwamba apumzike.

Kisha siku moja, tukiwa kwenye viti vyetu, nilimpa chaki kwa kumnyooshea mkono kutoka kando. Hakuipokea. Nilifikiri ana hasira. Nikasogeza mkono mbele ya uso wake, akaichukua mara moja. Nikaomba anirudishie, nikaipeleka tena kando, polepole, na nikaona saa ile ile alipoipoteza. Ilikuwa karibu sana na pua yake.

"Chaki iko wapi, mama?"

"Minye sikutaka uandike hiyo pia mu kitabu," akasema.

Daktari wa macho alikuwa amekuja mjini kwa siku chache, kama wanavyokuja mara mojamoja. Tulipanga foleni kuanzia alfajiri. Alimpima kwa muda mrefu, jicho hili na jicho lile, akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza na kuacha katikati mwishoni. Matone yangesaidia kushika kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Alichukua karatasi, akaikunja ikawa mwanzi mwembamba, akanipa nitazame kupitia tundu lake. Kwenye meza yake kulikuwa na tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa. Nikaweka mwanzi jichoni.

Niliona herufi moja. Ilikuwa M. Nikasogeza, nikaona A, na M haikuwepo tena.

Ile ingine inaenda. Alikuwa ameniambia.

Daktari alikuwa akijaza fishi, yaani karatasi ya mgonjwa. Alimwuliza mama ni lini alianza kuona tofauti.

"Ilianza mwezi gani, mama? Unakumbuka?"

Mama alifikiri. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumharakisha. Hata mimi sikuwa na kijisanduku siku ile.

"Mwezi ile nilimungojea huyu," akasema, "bado nilikuwa naona muzuri. Niliona ziwa yote, pande kwa pande. Ku mwezi yenye ilifuata, pembeni ilianza kuwa na moshi."

Daktari alimtazama akisubiri, kisha akanitazama mimi nimsaidie. Nilimtajia jina la mwezi kwa Kifaransa, naye akaliandika. Ilikuwa tarehe sahihi. Haikuwa na habari yoyote ndani yake.

Nyumbani nilimwambia tuache mambo ya kanisa. Nilikwenda hata kwa jirani yetu, nikamweleza ugonjwa, nikamwomba aliruke jina la mama kwenye orodha. Mwanamke yule wa maneno mengi alishika mdomo, akasema kumbe zile asubuhi mbili, kumbe. Siku iliyofuata alimletea mama bakuli la maharage, akamwambia jina litarukwa na hakuna atakayeuliza.

Mama alikataa. Nilikuwepo.

"Miaka yote nilisema miwani, miwani," akamwambia. "Sasa nikisema macho, itakuwa kweli, na nitakuwa bado muongo. Acha jina yangu."

Akanigeukia, akauliza mistari ya Jumapili ya zamu yake ni ipi. Ilikuwa mistari minne ya zaburi. Aliniomba nimsomee. Nilisoma. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilipofika nusu ya msitari, yeye aliumalizia. Wadogo zake walipopelekwa shule, yeye alisikiliza mafunzo yao wakati wanayakariri jioni, na masikio yake yalikuwa yamekuwa daftari kwa miaka hamsini. Kilichobaki kilikuwa jambo la mikono tu. Nilimfundisha kushika kitabu wazi, kuweka kidole cha shahada kwenye ukurasa, kukitembeza kushoto kwenda kulia, kukishusha. Alijifunza alasiri moja. Alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona.

Jumapili hiyo ilikuwa ku mwezi, kwa hiyo kanisa lilijaa. Hata washona nyavu walikuja. Jina lake lilipoitwa aliinuka katika safu ya tatu, akiwa amevaa kitenge cha maua ya kijani. Nilimsindikiza hatua chache, akaniachia mkono kabla ya watu kutambua kwamba nimemshika. Alifungua kitabu palipokuwa na utepe. Kidole kikaanza kutembea. Sauti yake ilikuwa tulivu, haikukosea neno, na mwisho wa kila msitari alipumzika pale pale ambapo msomaji mzuri hupumzika. Wanaume wa nyavu walitazamana; mmoja wao, aliyemtajia herufi ubavuni mwa mtumbwi wake, alipangusa macho kwa mkono wa shati. Alipomaliza, vigelegele vilitoka upande wa kina mama, na aliyevianza alikuwa jirani yetu, ambaye alijua.

Nje watu walimzunguka. Walimpongeza kwa kuitumia vizuri nafasi yake, kwa kutokata tamaa kwa umri wake, na mhubiri alisema atamtolea mfano. Wengine walinipongeza mimi. Nilishikwa mkono na watu wengi siku ile, na kila mkono ulinipunguzia kitu.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa, polepole, mimi upande wenye mashimo. Mitumbwi ilikuwa imelala juu ya mchanga, majina yake yakitazama njia. Hakuyatazama. Alipofika kwenye vichanja vyake vitupu akasimama.

"Sasa bote banajua minye najua kusoma," akasema. "Na minye najua kwamba sijue."

Nikamwambia tu kwamba alisoma vizuri sana.

"Nilisema vizuri," akanisahihisha. "Kusoma, ningesoma ule mwezi."

Hakusema kwa lawama. Angesema kwa lawama, ningekuwa na kitu cha kujitetea. Alisema kama anavyosema kwamba mvua ilikuwa inyeshe jana.

Bukavu sikwenda. Kompyuta nilinunua, ya mkono wa pili, na ndiyo ninayoandikia haya. Katika ajenda za miaka iliyofuata nimechora duara dogo kwenye kila siku ya mwezi mpevu kabla sijaandika kitu kingine chochote, na katika siku hizo sitangazi, siandiki, sisafiri. Ninakaa mlangoni kwenye kiti cha pili. Sitaki mtu adhani nimejifunza siri ya kutumia wakati. Wakati huu ninaompa mama hauna kazi tena. Ni kama kumletea mtu kalamu baada ya mtihani.

Matone yalishika kilichobaki kwa muda, kisha kikaendelea kupungua. Sasa anatambua mwanga, na kivuli cha mlima kinaposhuka huwa anajua kwa baridi mikononi. Vichanja amevichukua jirani yetu, ambaye humpita kila asubuhi na kumsalimu kutoka mbele, kwa sauti, akijitaja.

Mwezi uliopita mama aliniomba kitabu. Nilimletea. Alikiweka magotini, akakifungua mwenyewe, akapapasa kingo, akaweka kidole cha shahada juu ya ukurasa. Ziwa lilikuwa tulivu, na mitumbwi yote ilikuwa nchi kavu.

"Ni hapa?" akauliza.

Niliinama kutazama. Ulikuwa ukurasa mwingine kabisa, mbali sana na zaburi: orodha ndefu ya majina ya watu wa kale, nani alimzaa nani. Kidole chake kilikuwa kimesimama katikati ya jina.

"Ni hapo, mama," nikasema.

Akaanza kutembeza kidole, kushoto kwenda kulia, na kusema ile mistari minne.